Nuru Iliyofungwa Mtutuni

Tangu mwanadamu alipoijua taa, kazi yake imekuwa ni kuuliza. Mtu asikiaye mshindo usiku huwasha taa kwa sababu hajui, na nia yake ni kujua. Silaha haina kazi hiyo. Silaha huelekezwa kwa kitu ambacho mwenye nayo amekwisha kukijua na kukikatia shauri. Katika Marekani ya zama hizi vitu hivi viwili vimeunganishwa kwa skrubu: taa ndogo yenye nguvu hufungwa chini ya mtutu wa bastola au ubavuni mwa bunduki, na mwenye nyumba huambiwa kwamba bila ya kifaa hicho ulinzi wake wa usiku una kasoro. Wauzaji wameyafanya mambo yote kuwa ni ya kuchagua tu: taa ipi ina mwanga mwingi, ipi ina betri idumuyo, ipi ina swichi nyepesi. Swali la kwanza limerukwa, nalo ni hili: mtu atakaye kujua nani yumo gizani ndani ya nyumba yake, je, yafaa amtafute kwa mdomo wa bastola?

Haifai. Walakini wasemao kwamba yafaa si wajinga, na hoja zao zastahili kupimwa moja moja kabla ya kukataliwa.

Kwanza liondolewe jambo lisilobishaniwa hapa. Tarehe 26 Juni 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikata katika kesi iliyohusu sheria za mji wa Washington, iitwayo kesi ya Heller, kwamba Badiliko la Pili la Katiba humlinda raia mmoja mmoja katika kuweka silaha nyumbani kwa ajili ya kujitetea. Wako waisifuo hukumu hiyo na wako wailaumuo, na ugomvi wao ungali mkali. Lakini mjadala wa taa huanza mahali ugomvi huo unapokoma. Bastola imekwisha kuwamo katika saraka ya kando ya kitanda. Saa nane za usiku zimepiga. Kitu kimeanguka sebuleni. Kwa wakati huo hakuna afaidiwaye na Katiba wala anayeweza kujificha nyuma yake. Haki ya kuwa na silaha haikuleta pamoja nayo haki ya kutomjua umpigaye.

Taa yenyewe si uzushi wa jana. Polisi na askari waliifunga kurunzi kwenye bunduki kwa njia za kubuni kabla haijapatikana dukani kwa kila mtu. Kilichorahisisha mambo ni reli, yaani ule ukingo wenye meno uliochongwa juu au chini ya silaha ili vyombo vingine vishikizwe hapo. Kiwango cha reli kiitwacho Picatinny, kwa jina la kituo cha silaha cha jeshi kilichoko jimbo la New Jersey, kilikubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1995. Baada ya hapo bastola nyingi za raia nazo zilianza kutoka kiwandani zikiwa na reli chini ya mtutu, na palipo na nafasi tupu biashara haikosi kupata kitu cha kuijaza. Leo taa ya namna hiyo ina uzito wa gramu 120 hivi pamoja na betri mbili za lithiamu, nayo hutoa mwanga ambao zamani ulihitaji taa ya motokaa.

Hoja za waitetezi wake ni tatu. Ya kwanza husema kwamba bastola hushikwa vema kwa mikono miwili. Akamataye kurunzi kwa mkono mmoja hubakiwa na mkono mmoja wa kupigia, na shabaha yake hupungua. Ya pili husema kwamba mwenye nyumba ana kazi nyingine za mkono wa pili: kufungua mlango, kumbeba mtoto, kupiga simu. Ya tatu husema kwamba mwanga mkali humpofusha mvamizi na huenda ukamkimbiza bila ya risasi hata moja kutoka.

Hoja ya kwanza ni kweli, na ukweli wake ndio unaoifichua. Kushika kwa mikono miwili ni bora kwa kupiga. Aliyekwisha kumtambua mnyang'anyi mwenye panga mkononi, naye hana njia ya kukimbia, huyo taa ya mtutuni humfaa kwelikweli, kwa kuwa mikono yake yote miwili hubaki kazini na adui hapotei gizani. Lakini hiyo ni dakika ya mwisho ya usiku mrefu. Dakika zote zinazoitangulia ni za kutafuta na kutambua, na katika dakika hizo shabaha nzuri haina faida yoyote kwa mtu asiyejua bado kama kuna wa kupigwa. Wauzaji huichukua dakika moja wakaifanya kuwa usiku mzima. Hoja ya pili hujijibu yenyewe, maana mkono uliombeba mtoto au kushika simu hauko tena juu ya bastola, na ile mikono miwili iliyosifiwa katika hoja ya kwanza imekwisha kupungua.

Tazama sasa sheria zao wenyewe. Jeff Cooper, aliyefungua chuo cha kufundishia bastola jimboni Arizona mwaka 1976 na kufariki mwaka 2006, aliwaachia wenye silaha wa Marekani kanuni nne ambazo karibu kila mkufunzi huzihubiri hata leo. Silaha zote zihesabiwe kuwa zimeshindiliwa. Mdomo wa silaha usipite juu ya kitu ambacho mtu hayuko tayari kukiangamiza. Kidole kisiguse kifyatulio kabla ya shabaha kulengwa. Tena mtu ahakikishe anachokilenga, na kilicho nyuma yake. Hakuna mpinzani wa silaha aliyezitunga kanuni hizi. Zimetungwa na mpenzi wake mkubwa. Basi mtu aliyefungiwa macho yake chini ya mtutu atazitii vipi? Ili aitii kanuni ya nne, ya kuhakikisha, hana budi kumulika. Ili amulike, hana budi kuuelekeza mdomo wa bastola. Na akiuelekeza kwa kitu asichokijua, ameivunja kanuni ya pili kabla ya kuifikia ya nne. Chombo kilichouzwa kwa jina la usalama kimezigombanisha sheria mbili za usalama, na mnunuzi hakuambiwa.

Wakufunzi waangalifu wanaijua hitilafu hii, nao wana jawabu. Husema kwamba si lazima kumwelekezea mtu. Inatosha kuielekeza bastola sakafuni au darini, na mwanga utakaodunda utaijaza nuru nyumba nzima. Kwa habari ya nuru wasema kweli. Taa kali katika chumba chenye kuta nyeupe huangaza pembe zote hata ikielekezwa miguuni. Lakini jawabu hili lina makosa mawili. La kwanza ni la kibinadamu: aliyeshtushwa usingizini hufuata macho yake, na mkono wake hufuata macho. Kumtaka atazame kule na kuelekeza huku, huku moyo ukimwenda mbio, ni kumtaka awe mtu aliyezoezwa kwa miaka, naye pengine alijizoeza mara moja, siku aliyoinunua taa.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo limo katika ujenzi wa nyumba zenyewe. Kuta za ndani za nyumba nyingi za Marekani ni fremu za mbao zilizofunikwa mbao nyembamba za jasi, zenye unene wa milimita 13 hivi. Risasi ya bastola hupita ukuta wa namna hiyo, ikapita na wa pili, na bado ikawa na nguvu ya kuua. Nuru haipiti. Hapa ndipo udanganyifu wa taa ya mtutuni ulipo. Humfanya mwenye nayo aamini kwamba aonapo ndipo risasi yake itakapofika, kana kwamba nuru na risasi ni ndugu waendao safari moja. Nuru hukoma ukutani, na risasi huendelea mpaka chumba cha watoto. Duara jeupe ukutani humwonyesha ukuta tu, wala halimwonyeshi kitanda kilicho nyuma yake. Na sakafu ya ghorofa ya juu, iliyopendekezwa kuwa mahali pa salama pa kuelekeza, ni dari ya mtu aliyelala chini.

Neno la nguvu ya mwanga nalo lifafanuliwe, kwa maana hapo ndipo wanunuzi huchanganywa zaidi. Viwanda huandika vipimo viwili. Lumeni ni jumla ya nuru yote itokayo katika taa, na kandela ni ukali wa nuru hiyo katika upande mmoja. Taa ya Streamlight iitwayo TLR-1 HL huandikwa kuwa na lumeni 1,000 na kandela 20,000. Taa ya SureFire iitwayo X300 Turbo huandikwa kuwa na lumeni 650 tu, bali kandela 66,000. Mwenye kuhesabu lumeni peke yake atadhani ya kwanza hufika mbali kuliko ya pili, na kumbe ni kinyume. Hesabu ya nyumbani ni rahisi: kandela hugawanywa kwa umbali wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, na jibu ni luksi, kipimo cha nuru iliyoangukia kitu. Katika ukumbi wa mita 5, kandela 20,000 hutoa luksi 800, na kandela 66,000 hutoa luksi 2,640. Meza ya karani hupendekezwa ipate luksi 500 hivi ili aandike bila ya kuumia macho. Kurunzi ya mkono yenye kandela 5,000 tu, ambayo hupatikana kwa bei nafuu, hutoa luksi 200 kwa umbali uo huo, nazo zatosha kabisa kumtambua mke, mtoto au jirani kwa uso wake. Basi mashindano ya makumi ya maelfu ya kandela ni ya nini ndani ya nyumba? Yana maana yake kwa askari atazamaye ng'ambo ya uwanja. Kwa baba wa nyumba hayana maana, isipokuwa ya kumvutia mkoba.

Hapa ndipo na hoja ya tatu, ile ya kupofusha, ipimwe. Mwanga mkali hupofusha, lakini haumchagui wa kumpofusha. Jicho lililokaa gizani huhitaji dakika 20 hadi 30 kupata uwezo wake wote wa kuona usiku, na uwezo huo hupotea mara moja nuru kali inapodunda katika ukuta mweupe au kioo. Mwenye nyumba naye yumo katika ukumbi huo huo. Na kama kweli nuru yaweza kumkimbiza mwizi bila ya risasi, jambo ambalo mara nyingi huwa, basi kurunzi ya mkono na taa ya dari zitamkimbiza vilevile. Sifa hiyo ni ya nuru. Haikupatikana kwa kufungwa kwenye bastola.

Iko na habari ya swichi. Taa ya bastola huwashwa kwa vidole vya mkono uleule uliozunguka kifyatulio, au kwa vya mkono uliokaa pembeni yake. Mwaka 2010, katika mji wa Plano, jimbo la Texas, askari polisi alimuua mtu kwa risasi, naye akaeleza kwamba alikusudia kuiwasha taa ya bastola yake. Swichi ya taa hiyo ilikuwa katika mpini, chini ya kikingio cha kifyatulio, ibonyezwe kwa kidole cha kati. Mwaka 2014 gazeti la The Denver Post lilichapisha uchunguzi juu ya matukio ya namna hiyo miongoni mwa polisi. Roger Enoka, mtaalamu wa kazi za misuli, ameeleza mambo matatu yawezayo kukikaza kidole bila ya mwenyewe kutaka: mkono wa pili unapokaza kitu kwa nguvu, mwili unapopoteza mizani, na mtu anaposhtuka. Yote matatu humkuta mtu atembeaye gizani ndani ya nyumba yake na kujikwaa. Ikiwa askari aliyelipwa na kuzoezwa alikosea kati ya swichi na kifyatulio, kwa haki gani mwenye nyumba aliyeamshwa na mshindo ataahidiwa kwamba yeye hatakosea?

Waitetezi watasema kwamba hayo ni makosa machache, na wezi ni wengi. Haya, wacha idadi. Na litazamwe swali la ni nani huyo anayepatikana mwishoni mwa mwali. Mwaka 1992, katika mji wa Baton Rouge, kijana Mjapani wa miaka 16, aliyekuwa Marekani kwa masomo, alikosea nyumba alipokuwa akienda kwenye sherehe ya mavazi ya mchezo. Mwenye nyumba alimwamuru asimame. Kijana akaendelea kusogea. Akapigwa risasi akafa. Mwaka uliofuata baraza la wazee wa mahakama lilimwachilia mpigaji. Mwezi Aprili 2023, mjini Kansas City, kijana mwingine wa miaka 16 alikwenda usiku kuwachukua wadogo zake, akapiga kengele ya nyumba siyo, akapigwa risasi mbili, naye Mungu akamponya. Siku mbili baadaye, huko Hebron, jimbo la New York, msichana wa miaka 20 aliuawa katika motokaa iliyoingia uwanja wa nyumba siyo na kutaka kugeuza. Mpigaji wake alitiwa hatiani kwa kosa la kuua mwaka 2024, akahukumiwa kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Hawa wote watatu walionekana. Kilichokosekana hakikuwa lumeni. Kilichokosekana kilikuwa ni maneno mawili matatu, na subira ya kuyangoja yajibiwe.

Katika Kiswahili mgeni huitanguliza sauti yake mbele ya mwili wake. Husema hodi, naye mwenyeji hujibu karibu au huuliza nani. Adabu hiyo ina busara ya ulinzi ndani yake. Nuru huonyesha umbo, na sauti huonyesha nia. Taa iliyofungwa mtutuni humzoeza mtu kuamini kwamba akishaona amekwisha kujua, hata aone si haja kuuliza.

Kesi moja ya Afrika ya Kusini yafaa kuletwa hapa, ingawa haikuhusu taa ya bastola, kwa sababu hakimu aliligusa shina lenyewe. Usiku wa tarehe 14 Februari 2013, mjini Pretoria, mkimbiaji Oscar Pistorius alipiga risasi nne kupita mlango wa choo uliofungwa, akamuua Reeva Steenkamp, mpenzi wake. Alijitetea kwamba alidhani ni mvamizi, na kwamba aliogopa mno kuwasha taa. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia, ikisema kwamba hata kama hakumjua aliyekuwamo, alitambua kwamba yeyote aliyekuwa nyuma ya mlango ule angeweza kufa, naye akapiga. Taa ya mtutuni ingalimsaidia nini? Ingalimwangazia mlango. Mbao ingalizuia nuru, na risasi zingalipita vilevile. Dawa ya usiku ule ilikuwa ni swichi ya ukutani, na sauti ya kuuliza, na masikio ya kungoja jibu.

Basi mwenye nyumba achague nini? Achague kwa utaratibu. Kwanza taa za nje zijiwashazo mtu anapokaribia, kwani mwizi aliyeonwa barazani hana haja ya kuwindwa ukumbini. Pili taa ya ukumbi yenye swichi karibu na chumba cha kulala. Tatu kurunzi imara ya mkononi, mahali ambapo mkono hufika kabla ya kuifikia bastola, pamoja na simu ya kuita polisi kwa nambari 911. Nne shauri la jamaa wote: kila mmoja ajue chumba cha kukusanyikia, mlango ufungwe, na aliyeamka aite majina. Yamkini baada ya hayo yote mtu atataka bado taa juu ya bastola yake. Ikiwa hivyo, asiikubali yenye swichi mpinini, aichague yenye swichi ibonyezwayo kwa kidole gumba cha mkono wa pili, asihangaikie lumeni, ahakikishe kwamba ala ya bastola inaingia kifyatulio kikiwa kimefunikwa, na aihesabu kuwa ni chombo cha kupigia wala si cha kutazamia. Wakufunzi wenye haya husema maneno hayo hayo. Yasikitisha kwamba husemwa kwa sauti ndogo, na bei ya taa hutangazwa kwa sauti kubwa.

Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Na hakuna majuto yafananayo na ya mzazi aliyeangaza ukumbi kwa bastola akamkuta mwanawe aliyetoka kunywa maji. Wako waliomkuta hivyo wakashukuru kwamba kidole hakikukaza, wakarudi kulala bila ya kujiuliza kwa nini mwana huyo alikuwa ameelekezewa mauti ili apate kuonwa. Swali hilo ndilo wauzaji wa taa wanalopaswa kulijibu, na mpaka walijibu, nuru ya nyumba na ikae mkononi.